Mgomo na Majina Yake

Kwa miaka yote niliyofundisha walimu nilikuwa nikiwaambia wanachuo wangu kwamba daftari la mahudhurio ndicho kitabu cha kwanza cha historia anachokiandika mwalimu. Kila asubuhi anaandika nani yupo na nani hayupo, na watu ambao hawakuwa pale siku hiyo wataamini alichokiandika. Wanachuo walicheka, wakadhani ni mzaha wa mkuu wa chuo. Sikuwaambia kwamba somo hilo nililipata kwa kukosea, na kwamba aliyelipa gharama ya kosa langu alikuwa mtu mwingine. Sasa nimestaafu, umri wangu umepita miaka 75, na naona haifai kuondoka duniani na jambo hilo kifuani.

Sitaanza na kosa lenyewe, maana halitaeleweka vizuri bila historia ya maneno. Nitaanza na mgeni.

Miezi kadhaa iliyopita alinitembelea hapa nyumbani Mwanza kijana mmoja niliyemfundisha zamani. Namwita kijana, ingawa naye ameanza kuota mvi. Baada ya ualimu alipata nafasi ya kwenda kusoma China, na siku hizi ni mkalimani wa Kichina na Kiswahili katika kazi za ujenzi. Alinisalimu kwa adabu ile ile ya darasani, "Shikamoo Mwalimu," nikaitika, tukaketi barazani, mahali ambapo ziwa huonekana kwa mbali kati ya mawe makubwa ya mji wetu. Baada ya chai akaniambia kwamba ana jambo linalomsumbua.

Alisema kuwa katika kazi moja, mahali ambapo hakupataja wala mimi sikumuuliza, malipo ya vibarua yalichelewa. Asubuhi moja wakaweka chini sururu na makarai, wakakaa kivulini. Msimamizi wa kazi, Mchina, akaja akamuuliza mkalimani, "Kuna nini?" Vibarua walikuwa wamesema waziwazi, "Tumegoma." Kazi ya mkalimani ilikuwa kulitia neno hilo moja katika Kichina, na hapo ndipo alipokwama, kwa kuwa Kichina kilimpa maneno matatu ya kuchagua.

La kwanza ni bagong, na hilo ndilo neno kamili la mgomo: kuacha kazi kwa makusudi. La pili ni tinggong, maana yake kazi kusimama. La tatu ni daigong, yaani kufanya kazi kwa kuzembea, jambo ambalo sisi huliita mgomo baridi.

"Mwalimu," aliniambia, "nilijua kwamba nikisema bagong, yule bwana atapiga simu kwa wakubwa wake, na watu wataanza kuandika majina. Nikisema tinggong, atadhani saruji imekwisha au mashine imeharibika. Basi nikasema tinggong."

Nikamuuliza kama vibarua walilipwa. Akasema walilipwa baada ya siku mbili, lakini wawili waliokuwa wakiwasemea wenzao hawakuitwa tena kazini. "Mpaka leo sijui kama niliwasaidia au niliwanyamazisha," akasema.

Nilikaa kimya kwa muda. Yeye alidhani nafikiri juu ya Kichina. Mimi nilikuwa nafikiri juu ya mpishi mmoja.

Hata hivyo nilimwomba anifundishe kama nilivyokuwa nikimfundisha yeye. Ba, alisema, ni kuacha jambo kwa hiari yako. Gong ni kazi. Kutokana na shina hilo Wachina wana jamaa nzima ya maneno. Wanafunzi wakikataa kuingia darasani ni bake. Wafanyabiashara wakifunga maduka ni bashi. Mwezi Juni 1919 mjini Shanghai mambo hayo matatu yalitokea kwa pamoja: wanafunzi, wenye maduka na wafanyakazi wa viwandani waliacha shughuli zao kupinga uamuzi wa mataifa makubwa wa kuipa Japani haki ambazo Wajerumani walikuwa nazo katika jimbo la Shandong. Mwaka 1922 mabaharia wa Kichina wa Hong Kong waligoma na wakapata nyongeza ya mishahara. Mgomo mwingine wa Canton na Hong Kong, ulioanza 1925, ulidumu zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo bagong ni neno lenye heshima katika historia ya nchi ile, na chama kilichokuja kutawala kilikua pamoja nalo.

Ndiyo maana katiba ya China ya mwaka 1975 ilitaja waziwazi uhuru wa kugoma, na katiba ya 1978 ikaurudia. Lakini katiba ya mwaka 1982 iliuondoa. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2001, ilieleza chama kifanye nini panapotokea tinggong au daigong. Bagong halikutajwa katika kifungu hicho. Kazi imesimama, lakini ni nani aliyeisimamisha, kifungu hakisemi. Ni kama mtu anayesema sahani imevunjika, huku mkono ulioiangusha ameuficha nyuma.

Nilimwambia mgeni wangu kwamba neno la mgomo lina visa vyake katika kila lugha. Waingereza wanatumia neno lenye asili ya baharini. Mwaka 1768 mabaharia wa London, katika ugomvi wa mishahara, walishusha matanga ya meli ili zisiweze kuondoka bandarini, na kitendo kile cha kushusha ndicho kilicholipa jina tendo la wafanyakazi wote waachao kazi. Wafaransa wanatumia neno lenye maana ya ufuko wa mchanga na kokoto. Paris kulikuwa na uwanja kando ya mto Seine ulioitwa kwa jina hilo, ambapo watu wasio na kazi walikusanyika kungoja kuajiriwa, na hatimaye kusimama ufukoni kukawa ndiyo kugoma. Sisi wa Mwanza tunaelewa hilo bila kufafanuliwa. Mtu asiye na kazi ya siku akienda mwaloni alfajiri huenda akapata mzigo wa kubeba.

Na Kiswahili je? Neno letu ni goma. Punda hugoma njiani, mtoto hugoma kunywa dawa, gari hugoma kuwaka asubuhi ya baridi. Neno lenyewe halitaji kazi, wala mshahara, wala mwajiri. Linataja kiumbe au kitu kilichosimama na hakikubali kusukumwa. Mwenye punda atasema ni ukaidi. Punda angekuwa na ulimi angetaja uzito wa mzigo. Hivyo anayelisikia neno hili huchagua mwenyewe asimame upande gani. Kwa neno hilo moja tunataja mgomo wa wafanyakazi, wa wanafunzi, na wa wenye maduka, kama ule wa Kariakoo wa Mei 2023 na ule wa Juni 2024, ambao ulifanya hata maduka mengi ya hapa Mwanza yafungwe. Tuna pia kususia, linalotokana na kususa, yaani kile kinyongo cha mtoto aliyekasirika akakataa chakula. Utaona kwamba katika maneno haya yote mgomaji amekaribiana na mtoto au mnyama. Sisemi kuwa waliotuachia lugha walikusudia dharau. Nasema tu kwamba dharau ikitaka kuingia, mlango uko wazi.

Kuna neno jingine ambalo tunalitumia pamoja na Wachina, nalo ni kuli. Lilitoka India, na wataalamu wengi hulihusisha na neno la Kitamil lenye maana ya ujira. Waingereza walilibeba katika meli zao likafika Asia ya mashariki na likafika pwani yetu. Wachina walipoliandika kwa maandishi yao walichagua alama mbili zinazotamkika hivyo hivyo, kuli: ya kwanza ni uchungu, ya pili ni nguvu. Mgeni wangu alinichorea alama hizo kwenye gazeti la siku ile, nami nikalihifadhi. Nguvu zenye uchungu. Baba yangu angefurahi kujua kwamba kuna watu walioliandika jina la kazi yake kwa usahihi namna hiyo.

Baba yangu alikuwa kuli wa reli hapa Mwanza, kwenye banda la mizigo. Reli ilifika mji huu mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ndiyo iliyokuwa shehena yake kubwa. Baba alibeba marobota ya pamba mpaka shingo yake ikawa na sugu kama ya ng'ombe wa jembe. Mwaka 1960, nilipokuwa na umri wa miaka kumi, wafanyakazi wa reli wa Tanganyika walifanya mgomo uliodumu siku 82. Chama chao kiliongozwa na Christopher Kasanga Tumbo, na jina lake tulilijua watoto wote wa mtaa wetu kabla hatujajua majina ya mito ya Afrika.

Ninachokikumbuka zaidi ni mavazi. Kila asubuhi katika siku zile baba alivaa kaptula yake ya kaki ya kazini, akaenda kuketi na wenzake karibu na lango la stesheni. Jioni alirudi, nguo hazina vumbi la pamba. Mama alikuwa akiuza mihogo na furu waliokaushwa, na ndivyo tulivyokula. Siku moja nilimuuliza, "Baba, leo mmefanya kazi?" Akanijibu, "Leo tumekaa." Hakusema tumegoma. Sijui kama neno lenyewe lilimwogopesha au aliona halitoshi. Lakini alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni, na nilielewa kwamba kukaa kule kulikuwa na saa zake na nidhamu yake. Mgeni wangu aliponiambia kuwa Wachina wana neno jingzuo, yaani kukaa kimya mahali pamoja ili kudai jambo, nilimkumbuka baba na kaptula yake.

Sasa tuangalie jinsi serikali zilivyoliita jambo hilo hilo. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya mabwana na watumishi wenyeji. Kwa sheria ile mtu aliyeacha kazi kabla mkataba wake haujaisha alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Katika mashamba ya mkonge mtumishi alipewa kipande, kadi ya kuwekewa alama ya siku alizofanya kazi, na siku isiyo na alama ilikuwa siku isiyokuwepo. Watu mia moja wakiacha kazi kwa pamoja kwa sababu moja, macho ya sheria yaliona watoro mia moja, kila mmoja na kosa lake. Jambo la pamoja halikuwa na jina.

Makuli wa bandari ndio waliolilazimisha lipate jina. Wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na Septemba 1947 mgomo wao ukaenea kwa njia ya reli mpaka miji ya bara. Mombasa mgomo wa watu wote ulikuwa Januari mwaka huo huo wa 1947, na Unguja ulifuata mwaka 1948; huo wa Unguja ndio Adam Shafi aliouandikia riwaya yake iitwayo Kuli, iliyotoka mwaka 1979. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliunda shirikisho lao, TFL, na katibu wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa. Katika miaka ile neno mgomo lilitamkwa kwa fahari. Mgomo na uhuru yalikuwa maneno ya mkutano mmoja.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika, na hapa sina budi kusema kweli bila kuwakosea heshima wazee wetu. Mwaka 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, Bunge lilipitisha sheria ya kutatua migogoro ya kazi, ambayo iliweka ngazi nyingi za usuluhishi kiasi kwamba mgomo halali ukawa jambo gumu mno kufikiwa. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 baadhi ya viongozi wa vyama waliwekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na sheria ikaunda chama kimoja, NUTA. Hoja ya serikali ilieleweka. Nchi ni yetu, viwanda vinakuwa vyetu, basi mtu atamgomea nani? Atajigomea mwenyewe? Mimi nilikuwa kijana wakati huo na niliikubali hoja hiyo kwa moyo wangu wote. Niliwafundisha wanafunzi wangu hivyo.

Neno mgomo likaanza kuondoka katika karatasi. Mahali pake pakaingia "mgogoro", "malalamiko", "hali ya kutoelewana". Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipokataza viongozi kujivuna, kudharau na kuonea watu, wafanyakazi wengi waliuchukua kwa uzito kuliko walivyotarajiwa. Katika baadhi ya viwanda walimfungia meneja nje ya lango, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikishika kiwanda na kuendelea na kazi wenyewe. Hawakuacha kazi hata kidogo, ila mkubwa tu. Serikali iliwaunga mkono mwanzoni, kisha mwaka huo huo hali ile ya kufungia wakubwa nje ikakomeshwa.

Nimeyaeleza haya yote ili msomaji aelewe nilikuwa nimebeba nini kichwani mwaka 1983.

Mwaka huo nilikuwa makamu wa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu karibu na ziwa. Hali ya nchi ilikuwa ngumu. Sabuni, sukari na mafuta ya taa vilipatikana kwa kibali au kwa kujuana, na wanachuo walikula ugali wa yanga. Mishahara ya watumishi wa jikoni ilikuwa haijafika kwa miezi miwili. Sisi walimu yetu ilifika, na jambo hilo walilijua.

Asubuhi moja hapakuwa na moshi jikoni. Mkuu wa chuo alikuwa safarini, hivyo nikaitwa mimi. Niliwakuta wapishi saba wameketi chini ya mwembe, hatua chache kutoka mlango wa jiko, wamevaa aproni zao. Kiongozi wao alikuwa mzee wa makamo, mtu mpole, aliyekuwa amewapikia walimu wanafunzi kwa zaidi ya miaka 15. Aliniambia, "Mwalimu, shida si wewe. Tumekaa. Mshahara ukija tutainuka."

Tumekaa. Nilisikia sauti ya baba yangu, lakini nilijifanya sikuisikia.

Walikaa siku tano. Kila siku walifika alfajiri kama kawaida yao, wakaketi pale pale, na jioni wakaenda zao. Wanachuo walijipikia kwa zamu. Siku ya sita sehemu ya mshahara ililetwa, nao wakawasha moto.

Ofisi iliyokuwa juu yetu ilitaka taarifa ya maandishi. Niliketi na kalamu kwa saa nyingi usiku ule. Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na neno hujuma lilikuwa likiwaangukia watu kwa sababu kubwa na ndogo. Niliogopa kwamba nikiandika "wamegoma", mtu fulani huko juu atasoma "wamehujumu", na yule mzee atalala mahabusu. Nilitafuta neno dogo, neno la ofisini lisilo na siasa. Nikaandika kwamba watumishi saba wa jikoni hawakuhudhuria kazini kwa siku tano, na nikaweka majina yao na tarehe. Nikalala nikiamini nimewakinga.

Baada ya miezi minne ilikuja barua. Sita walipewa onyo. Yule mzee, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na dhamana ya jiko, aliachishwa kazi kwa sababu ya utoro wa siku tano mfululizo, na kwa kosa hilo akapoteza kiinua mgongo chake. Ushahidi ulikuwa taarifa yangu. Niliandika barua ya pili kueleza kwamba wapishi walikuwepo siku zote tano, tena mbele ya jiko, na kwamba walikuwa wakidai mshahara wao. Jibu lilikuwa fupi: shauri limefungwa, na maelezo mapya yanapingana na taarifa ya awali ya afisa yule yule. Yaani mimi.

Msomaji ataona nilichokifanya. Kwa kuogopa neno mgomo nilirudi, bila kujua, kwenye neno la mwaka 1923. Wakoloni waliita utoro, nami, mtoto wa kuli wa reli, niliyesoma kwa fedha za marobota ya pamba, nikaandika maana ile ile kwa mkono wangu. Neno mgomo lingeweza kumletea yule mzee hatari kubwa, sikatai. Lakini lingemfanya awe mmoja kati ya watu saba wenye sababu moja. Neno nililolichagua lilimfanya mtu asiyekuwepo, na mtu asiyekuwepo hana sababu ya kueleza.

Sipendi kujitetea, lakini ni haki kusema kwamba nyakati zimebadilika tena. Chama cha Walimu Tanzania kilianzishwa mwaka 1993. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilitambua mgomo kuwa haki ya mfanyakazi, kwa masharti: mgogoro upelekwe kwanza kwenye usuluhishi, muda wa siku 30 upite, wanachama wapige kura, na mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Ngazi bado ni ndefu. Walimu walipoanza mgomo tarehe 30 Julai 2012, haikupita wiki moja kabla Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, haijausimamisha. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, nikausikiliza redioni. Lakini kila upande, walimu, serikali na mahakama, ulitumia neno mgomo. Wakabishana kama ni halali au si halali, na ubishi huo una mahali pa kwenda. Aliyeandikwa mtoro hana pa kubishia.

Linganisha na safari ya Wachina. Wao katika mwaka 1975 walikuwa na uhuru wa kugoma ndani ya katiba, wakati sisi tulikuwa tumekwisha kuubana kwa sheria. Baadaye wao wakalifuta neno, na sisi tukaliandika. Siwezi kujisifia kwa hilo wala kuwacheka wao, maana kuandikwa kwa haki na kutumika kwake ni mambo mawili. Lakini nilimwambia mgeni wangu kwamba mahali ambapo neno kamili limeondolewa, mzigo wote huangukia mtu mdogo wa katikati: mkalimani, karani, makamu wa mkuu wa chuo. Yeye ndiye atakayechagua usiku, peke yake, na atachagua kwa woga.

Nilikutana na yule mzee mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa mwaka 1997, sokoni Kirumba Mwaloni. Alikuwa ameshuka kwenye mtumbwi na magunia ya dagaa kutoka Ukerewe, ambako alihamia baada ya kuachishwa kazi. Alikuwa amekonda lakini ana nguvu. Nilimwamkia, maana alinizidi umri, naye akaniitikia bila chuki. Nilianza kueleza, nikajikwaa katika maneno kama mwanafunzi asiyejiandaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuhakikisha kumbukumbu yake: "Mwalimu, lakini si tulikuwepo?"

Nikamjibu, "Mlikuwepo, Mzee."

Akatikisa kichwa, akamwita kijana aje amsaidie gunia. Alifariki miaka michache baadaye huko Ukerewe. Nilipata habari nikiwa nimechelewa kufika mazishini.

Kijana wangu mkalimani aliniuliza, kabla hajaondoka, afanye nini siku nyingine vibarua wakikaa kivulini. Nilimwambia kwanza awaulize wao wenyewe wanataka waitwe nini, na ikiwa wamesema wamegoma, basi aseme bagong, kisha aongeze hapo hapo sababu waliyoitoa na idadi yao. Alisema hilo linaweza kumponza. Nilikubali kwamba linaweza. Sikuwa na jibu jingine, na sikutaka kumdanganya.

Alipokwenda nilichukua kalamu. Taarifa ile ya mwaka 1983 sijui kama bado ipo katika kabati lolote, na kama ipo siwezi tena kuifikia. Kitabu hiki nakitoa kwa fedha zangu mwenyewe, na hapa hakuna ofisi juu yangu. Basi naandika: katika siku zile tano wapishi wote saba walihudhuria. Walifika alfajiri, wakaketi chini ya mwembe mbele ya jiko, wakaondoka jioni. Walikuwa wanadai mishahara ya miezi miwili. Walikuwa wamegoma.